Simu Iliyoipa Nanyuki Mgongo

Endarasha,
9 Juni 1998

Mukami, mke mwenzangu,

Wewe na Theuri hamna adabu. Mtu akitaka kumpa mzee sanduku, analeta mwenyewe, anakaa, anakunywa chai, anaeleza. Nyinyi mmenitumia mwanamume na nguzo.

Usinune ati nimekuita mke mwenzangu. Theuri mjukuu wangu alipewa jina la marehemu mume wangu, kwa hivyo kwa desturi yetu ni mume wangu tangu siku ile alizaliwa, na nimemlea tangu mama yake Waithira alipotuacha. Wewe ulimkuta amenyolewa na ameshiba. Wewe ni mke wa pili. Mke wa pili hatumii mke wa kwanza nguzo.

Huyo mwanamume wa ofisi ya simu anaitwa Kithinji. Ni mtu wa kwenu Meru, anacheka kama wewe, meno ndani. Alikuja Ijumaa na gari, akatoboa ukuta ya marehemu kabla hajamaliza kunisalimia. Sasa niko na sanduku ukutani, mkono wa simu umelala juu yake, chini kuna bateri kubwa kama ya lori, juu ya mabati kuna kioo ya kunywa jua. Nje kuna nguzo, na juu ya nguzo kitu kama mifupa ya samaki. Nikamwuliza waya iko wapi. Akaniita nyanya kama nyinyi, akasema, "Cucu, hii haina waya. Maneno yanapita hewani." Nikamwambia hewa ya Endarasha imejaa umande na moshi wa Murugi jirani yangu, hayo maneno yatafika yakiwa yanakohoa. Akacheka.

Barua ya Theuri nimesoma mara tatu. Ati tangu nianguke kwa boma ya ng'ombe mwezi wa tatu, nikalala hapo mpaka Murugi akanipata saa saba, yeye hana usingizi. Ati kila Jumapili saa kumi mtanipigia. Nikikosa kushika simu Jumapili mbili zikifuatana, anakuja na pikapu ya hoteli anayoendesha, anapakia kitanda yangu na mimi juu yake, ananiteremsha Nanyuki nikae kwa nyumba yenu ya kukodi nikihesabu misumari ya dari.

Nimekubali. Msifikiri nimekubali kwa sababu ninaogopa. Nimekubali kwa sababu nitashinda. Mimi na marehemu tulipewa hii shamba mwaka wa sitini na nne, ikiwa ni majani na baridi tu. Kila mti unaona hapa nimeupanda na mkono wangu. Siwezi kutolewa hapa na kengele.

Lakini kuna jambo limenikera. Hiyo mifupa ya samaki Kithinji ameielekeza kwa kilima cha Nyeri. Nanyuki iko nyuma yake, na Mlima Kenya pia uko nyuma yake. Nikamwuliza, nitaongea namna gani na watoto wangu nikiwa nimewapa mgongo? Akasema, "Cucu, hapo usiguse." Mimi! Kwa nyumba yangu!

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kimeru chako kinanichekesha na Kikuyu changu unajifanya hausikii. Na nimeandika mwenyewe. Darasa la ngumbaru, lile la watu wazima, halikuwa la bure.

Ni mimi,
Wakiuru wa Theuri


Nanyuki,
16 Juni 1998

Kwako Cucu,

Salamu nyingi. Mke wa pili amepokea barua na amekaripiwa vya kutosha.

Jumapili umefanya vizuri sana. Ulishika simu hata kabla haijalia mara ya tatu. Theuri alitoka kwenye kile kibanda cha simu cha posta akitabasamu kama mtu aliyepewa kitu. Lakini Cucu, usipige kelele hivyo. Ongea kama unavyoongea na mtu aliye upande wa pili wa meza. Kulikuwa na foleni ya watu saba nyuma yetu na wote walisikia kwamba Njeru anaharisha. Mzee mmoja alituambia tumpe huyo ng'ombe maji ya majivu.

Kithinji aliniambia kwa simu mambo nikuandikie kwa sababu anasema ulikuwa unamwangalia mikono tu, husikii. Kwenye lile sanduku kuna taa ndogo. Ikiwa ya kijani, simu inaona mnara wa simu na iko sawa. Ikiwa nyekundu, haioni. Kwa hiyo kila asubuhi itazame. Pili, sanduku lisiingiwe na vumbi wala moshi wa jikoni, vitaliharibu. Litunze kama unavyotunza ile redio ya marehemu. Na antena, hiyo mifupa ya samaki, ibaki ilivyo.

Cucu, najua hupendi haya mapatano. Mimi si mtu wa kuja kati yako na Theuri. Lakini hukumwona siku ile Murugi alipotuma habari kwamba umeanguka. Hakula chakula siku mbili. Kwa hiyo Jumapili saa kumi, tafadhali, uwe karibu na sanduku. Hata kama kuna mgeni. Hata kama Njeru anazaa.

Ni mimi,
Mukami


Endarasha,
29 Juni 1998

Mukami,

Kwa hivyo mmeamua kunichezea.

Nimefanya kila kitu ulisema. Ulisema vumbi, nimeshona kitambaa ya kroshia, nyeupe, iko na maua ya njano kwa pembe, nimefunika sanduku lote mpaka chini. Hata redio ya marehemu haina kitambaa kama hiyo. Akina mama wa kanisa wamekuja kuiangalia, Kagure amesema inafaa kuwa ya meza ya Bwana. Na wiki iliyopita nimeweka mambo yote ya hiyo simu sawasawa. Sasa kila kitu inaangalia pahali inafaa kuangalia. Hiyo sitaeleza zaidi.

Jana nikavaa kitambaa ya kichwa safi. Saa tisa nikakaa. Saa kumi ikafika kwa redio, nikaweka mkono tayari. Kimya. Saa kumi na nusu, kimya. Murugi akaja akaniuliza ninangoja nani, nikamwambia ninapumzika. Nilikaa mpaka ng'ombe ikaanza kulia ikitaka kukamuliwa.

Mlipiga? Hamkupiga. Ningesikia. Mimi siko na shida ya masikio, niko na shida ya goti moja tu.

Sasa sikiza. Hii ni mtego ya watoto. Mnaacha kupiga Jumapili moja, mnaacha ya pili, halafu Theuri anakuja na pikapu anasema, "Cucu, tulipatana." Kama mnataka kunitoa kwa shamba yangu, njoo mniambie kwa macho. Msiifanye simu iseme uwongo kwa niaba yenu.

Jumapili nitakuwa hapo tena. Na mimi sijachoka.

Wakiuru


Nanyuki,
3 Julai 1998

Cucu,

Barua yako imefika leo asubuhi na nimemshukuru Mungu kuona mwandiko wako, hata kama umejaa ngumi.

Theuri alipiga mara nane. Nane, Cucu. Kila mara simu ilikuwa inalia vibaya, kama mtu anayesema hapana, hapana, hapana. Foleni ikamfukuza, akarudi nyuma, akapanga tena. Alirudi nyumbani kukiwa giza. Jumatatu nzima alikuwa anataka kuomba gari la hoteli aje. Nilimwambia angoje barua. Nilimwambia, kama Cucu amekasirika, barua itakuja haraka. Hapo hukuniangusha.

Taa ya simu ni ya rangi gani? Hujaniambia. Tafadhali itazame.

Jumapili moja imepita na Theuri anaihesabu. Amesema hivyo. Nimejaribu kumwambia labda ni mashine, akanijibu, "Ile siku ya boma pia tulifikiri ni kitu kidogo."

Samahani kwa mwandiko wangu, ninaandikia juu ya goti.

Mukami


Nanyuki,
6 Julai 1998

Cucu,

Jumapili mbili. Jana nilipiga tangu saa tisa na nusu mpaka foleni ya posta ikaisha.

Sitaki tubishane. Najua utasema ni mashine, au ni mimi, au ni Mukami. Nilikuwa nimesimama kwenye kile kibanda na kila mara simu ilipokataa nilikuona umelala chini pale bomani na Njeru akikanyaga karibu na kichwa chako. Barua yako ndiyo ilinizuia ile mara ya kwanza. Sitangoja barua ya pili.

Nakuja Jumamosi tarehe 18 na pikapu. Njeru tutampeleka kwa Murugi. Wewe funga nguo na vyombo unavyovipenda. Kitanda nitapakia mimi.

Ni mimi mume wako,
Theuri


Endarasha,
7 Julai 1998

Kwa Kithinji wa ofisi ya simu, Nyeri.

Ninampa dereva wa lori ya maziwa hii barua na nimemwambia asikupe kwa dirisha, akupe kwa mkono, na asimame hapo mpaka umalize kusoma.

Wewe ulikuja kwa nyumba yangu ukanywa chai yangu vikombe vitatu. Ulikula na nduma za kuchemsha. Ukaacha hapa sanduku imekufa. Jumapili mbili haijalia. Sasa ninachukuliwa kama kiti kuukuu kwa sababu ya kazi yako. Wewe uko na nyanya? Huyo nyanya yako akitolewa kwa shamba yake na pikapu kwa sababu fundi hakukaza kitu, utalala?

Njoo kesho. Kama si kesho, kesho kutwa. Alhamisi niko kwa mkutano wa akina mama wa kanisa mpaka saa tisa, lakini Murugi ako na ufunguo. Usipokuja, nitakuja huko mimi na goti yangu moja, nikae kwa mlango wa ofisi yenu na blanketi, na kila mtu akiuliza nitamwambia jina lako.

Wakiuru wa Theuri


Endarasha, nyumbani kwako,
Alhamisi, 9 Julai 1998

Kwako Cucu,

Nimekuja saa nne. Hukuwepo, Mama Murugi amenifungulia. Nimeweka barua hii chini ya kitambaa kwa sababu najua hapo ndipo utakapoangalia kwanza.

Cucu, sanduku halijafa. Halikuwa limekufa hata siku moja. Nilipoinua kitambaa, taa ilikuwa nyekundu, na kwa unene wa kitambaa hicho hata ingekuwa taa ya gari usingeiona. Ni kitambaa kizuri sana. Tafadhali kikunje kifunike juu tu.

Nikatoka nje. Antena niliyoielekeza kwenye kilima cha Nyeri nimeikuta inatazama Nanyuki. Upepo haufungui nati mbili na kuzikaza tena. Nikamwuliza Mama Murugi. Mwanzo alisema hajui. Halafu akaangalia ngazi ya ghala, mimi pia nikaangalia ngazi ya ghala, na spana, ambayo Mama Murugi alikiri ni ya Mzee Gatimu wa duka, ilikuwa bado imelala kwenye kidato cha juu.

Cucu, ulipanda mwenyewe. Na goti hilo.

Nielewe vizuri. Najua kwetu sote mtu hampi mgongo anayeongea naye. Lakini antena haimtafuti mtu. Inautafuta mnara. Mnara wetu uko juu ya kile kilima, na mnara ndio unaomtafuta Theuri, popote alipo. Ukiipa Nanyuki uso, unaupa mnara kisogo, na maneno yako yanaishia kwenye miti. Ukiipa Nanyuki mgongo, wanakusikia.

Nimeirudisha. Nimekaza nati kwa nguvu ambazo wewe huna, na spana nimemrudishia mwenyewe. Taa ni ya kijani. Nimejaribu kupiga ofisini, imeitika.

Mambo ya ngazi sitamwambia mtu. Lakini nyanya yangu yuko, anaitwa Murugi kama huyu jirani yako, na akipanda ngazi kama ile ningelia.

Ni mimi fundi,
Kithinji


Endarasha,
27 Julai 1998

Mukami,

Nilikuwa nimeamua sitaandika tena, kwa sababu sasa simu inafanya kazi na stempu ni za bure kwa watu wa serikali tu. Lakini kuna maneno hayafai kupita hewani.

Unajua tarehe 12 nilishika simu ikilia mara ya kwanza, haikumaliza. Nilimwambia Theuri mashine ilikuwa mgonjwa, fundi ameitibu, na pikapu irudi kuchukua watalii. Halafu akasema tuhesabu upya. Nikamwambia hesabu. Tarehe 19 nikashika. Jana nikashika. Kitambaa nimekunja, taa ninaona, kijani kama majani ya viazi. Kwa hayo maneno nimeshinda.

Sasa ni zamu yako kuulizwa.

Jumapili tatu sijasikia sauti yako. Mwezi wa sita ulikuwa unamnyang'anya Theuri simu unanifundisha namna ya kunong'ona. Tarehe 12 nikamwuliza, Mukami ako wapi? Akasema, "Amelala kidogo." Saa kumi ya mchana. Tarehe 19, Mukami ako wapi? "Ameenda kwa rafiki." Rafiki gani, mwalimu wa nasari kama wewe hana nafasi ya rafiki wiki mbili kabla shule ifungwe. Jana nikauliza tena. Unajua alisema nini? "Anafua nguo."

Jumapili!

Mukami, wewe ni Mmethodisti wa Meru. Mwaka ule mlikuja hapa baada ya harusi nilimwaga chai kwa shuka Jumapili asubuhi, ukakataa kuloweka, ukaniambia mbele ya wageni itangoja Jumatatu. Doa iko mpaka leo. Wewe unafua Jumapili? Huyo mume wetu hajui kudanganya. Hata akiwa mdogo akiiba sukari alikuwa anakuja kuniambia hajaiba kabla sijauliza.

Nimetoa barua zako. Ya mwezi wa sita mwandiko umesimama. Ya tarehe tatu mwandiko umelala kama mahindi baada ya upepo. Ati unaandikia juu ya goti. Mwalimu hana meza?

Una mtoto tumboni, ama una ugonjwa, ama umemkimbia. Ni moja kwa hizo tatu. Niambie, na uniambie kwa barua, hiyo sanduku isisikie.

Wakiuru


Nanyuki,
31 Julai 1998

Cucu,

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi. Theuri ameenda kazini akiwa hajui nakuandikia haya.

Ni mtoto. Ni miezi mitano. Daktari amesema nisisimame ila kwenda msalani, tangu wiki ya mwisho ya mwezi wa sita nilipoona damu kidogo. Damu imeacha. Mtoto anacheza. Lakini nimelala tangu siku hiyo, na naandika nimelala, ndiyo maana mwandiko umelala.

Unataka kujua kwa nini tulikuficha. Nitakuambia ulivyonifundisha, bila kuzunguka. Mara ya kwanza, ukiwa na furaha, uliwaambia watu wa kanisa nikiwa na miezi miwili tu. Walileta nepi na unga wa uji. Mtoto akatoka. Nilizirudisha zile nepi nyumba kwa nyumba mwenyewe, Cucu, na kila mlango ulinionea huruma. Mara ya pili hukusema, lakini uliwaambia wakuombee, na wakajua. Nilimwapisha Theuri. Nilimwambia, safari hii hakuna mtu atakayejua mpaka mtoto alie. Amelibeba neno hilo vibaya, kama mtu aliyebeba maji kwenye ungo.

Na ukweli mwingine ni huu. Si kwa sababu ya kuanguka tu alitaka uje Nanyuki. Anaogopa sana. Mama yake alimfia huko Endarasha akijifungua, yeye akiwa mtoto wa miaka minne amesimama mlangoni. Anaona akikuweka chini ya paa moja na mimi, atatulinda sote wawili kwa macho yake, hakuna atakayekufa akiwa mbali. Ndiyo hiyo simu. Ndiyo hiyo pikapu.

Mimi ndimi niliyekataa uletwe kwa hila. Sitaki uondolewe kwenye shamba lako kwa sababu ya kengele, halafu ufike hapa ndipo uambiwe kuna mgonjwa wa kuuguza. Ningeona haya kukuangalia. Ukibaki kwako nitaelewa, na nitamwambia Theuri aelewe. Dada yangu Jeniffer anaweza kuja mwezi wa kumi.

Sikufua nguo. Nimecheka mpaka nimeogopa kucheka.

Mukami


Endarasha,
4 Agosti 1998

Mukami, mke mwenzangu,

Mwezi wa kumi! Jeniffer atakuja mwezi wa kumi kufanya nini, kufagia?

Nimesoma barua yako nikaweka chini, nikaenda kukamua, nikarudi nikasoma tena. Hayo ya nepi sikujua. Nilijua mtoto ametoka, sikujua ulitembea ukirudisha. Hakuna mtu aliniambia, na mimi sikuuliza, nilikuwa nalia kwa upande wangu. Mdomo wangu ulikimbia mbele ya miguu yako. Hiyo ni makosa yangu na nimeandika hapa ili uwe nayo kwa karatasi. Safari hii sijaambia mtu. Hata Murugi nimemwambia ninaenda Nanyuki kuangalia goti.

Na wewe umenipa siri, kwa hivyo chukua yangu. Antena niligeuza mimi. Nilipanda ngazi ya ghala na spana ya Gatimu, nikaielekeza kwenu, kwa sababu niliona ni aibu kuwaongelesha nikiwa nimewapa mgongo. Nikaifanya hiyo simu kiziwi, halafu nikawaita nyinyi waongo. Theuri akikasirika kuhusu ngazi, mwambie akumbuke ni nani alimfundisha kupanda.

Kuhusu Waithira. Theuri alikuwa mlangoni, lakini hakuona yote. Asubuhi ile damu ilipoanza, nilimtuma mtu Mweiga atafute gari. Alikimbia. Alikimbia kweli, sikumlaumu hata siku moja. Lakini habari ilienda kwa miguu na gari likarudi jioni. Waithira hakungoja jioni. Nimekaa na hiyo siku miaka ishirini na tatu. Kwa hivyo msifikiri sijui kazi ya simu. Nililikaripia hilo sanduku kwa sababu lilichelewa kuja.

Sasa mambo yatakuwa hivi, na hakuna mtu atayabadilisha.

Ninakuja. Sichukuliwi, ninakuja. Theuri alete pikapu Jumamosi tarehe kumi na tano, asubuhi, ikiwa tupu. Nitapanda na kuku wawili, njahi za kuchemsha, yale maharagwe meusi ya mzazi, unga ya uji ya wimbi nimesaga mwenyewe, na nguo zangu kwa begi moja. Moja tu, kwa sababu mtu anayerudi habebi mbili. Kitanda yangu isiguswe. Itabaki hapa imetandikwa. Nitakaa na wewe mpaka mtoto atoke na ashike shingo, halafu ninarudi kwangu kuona viazi vyangu. Kama ni msichana ataitwa Waithira, hiyo haina mjadala. Kama ni mvulana tutaongea, na nitashinda.

Murugi nimemkabidhi nyumba na Njeru. Nimemfundisha simu mara tatu. Anajua kijani, anajua nyekundu, amejua kwamba antena inaachwa iangalie mnara. Kila Jumapili saa kumi, Theuri atanipeleka kwa hicho kibanda chenu, nitapanga foleni kama watu, na nitapiga simu nyumbani kwangu. Murugi akikosa kushika Jumapili mbili zikifuatana, ninarudi Endarasha siku hiyo hiyo, na mtaniletea mtoto huku. Hiyo ndiyo mapatano yenu, nimeigeuza tu. Hata nyinyi kubalini.

Wewe kazi yako ni moja. Lala. Usiamke kuniandalia chai, usitandike kitanda ya wageni, usisimame mlangoni na leso kunipokea. Nitaingia mwenyewe, nitavuta kiti. Daktari akisema ulale kwa ubavu ukiangalia ukuta, angalia ukuta. Nitakusalimia hivyo hivyo, na wewe utaniitikia hivyo hivyo.

Nimeelezwa na fundi. Maneno yanafika. Usigeuke.

Ni mimi mke mkubwa,
Wakiuru wa Theuri